Kuku wa Sukari na Mwiko wa Mama Mkwe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huwa naweka kikombe chini kwanza. Ni siku Nafula wangu alipotimiza miaka minne. Ilikuwa miaka ile ya sabini, tumepanga vyumba viwili hapa Busia, si mbali na mpaka. Siku hiyo nilitengeneza keki yenye umbo la kuku, kuku mzima mwenye mkia na macho, na watu wakaacha kazi zao kuja kumtazama. Mwingine angekuhadithia hiyo keki tu akaishia hapo. Mimi sitakudanganya. Siku ile nilifanya jambo zuri kwa mikono na jambo baya kwa moyo, yote katika bakuli moja.

Nianze na mikono, maana wacha nijisifu kidogo. Mzee asipojisifu nani atamsifu? Kabla sijaolewa nilisoma kozi ya upishi ya akina mama kule Malaba, miezi mitatu. Siku ya mwisho mwalimu wetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo, alituletea keki yenye umbo la lori. Lori kabisa, mwanangu! Magurudumu ya biskuti, turubai la sukari, taa mbili mbele. Sisi tuliozoea kuona malori ya kweli yamepanga foleni kwenda Uganda tulisimama midomo wazi. Niliizunguka ile meza mara tatu, nikajiapia kwamba mtoto wangu wa kwanza nitamfanyia ajabu kama hiyo.

Nafula alizaliwa wakati wa mvua, na ndiyo maana ya jina lake. Kwa mama mkwe wangu, Nabwire, kumbukumbu hiyo ilitosha. Nilipomwambia kwamba tutasherehekea siku ya kuzaliwa ya mtoto, alicheka akashika mbavu. "Mtu anazaliwa mara moja," akasema. "Nyinyi wa mjini mtamzaa huyu kila mwaka? Hamtachoka?"

Usidhani alikuwa mama mkali. Alikuwa mpole, tena mcheshi, lakini kulikuwa na neno moja ambalo hakulichezea. Kwetu zamani mwanamke hakula kuku wala yai. Alimfuga huyo kuku, akamchinjisha, akampika, akampakua, halafu wanaume wakala, na firigisi, ile tunayoiita imondo, ikawa ya mwenye nyumba. Sisi tuliopita shule za bweni tulikuwa tumeshauacha mwiko huo. Nabwire hakuuacha.

Sasa mwaka ule Nafula aliugua surua, akabaki mifupa na macho. Muuguzi wa kliniki akaniambia mtoto apate yai moja kila siku. Nikawa nampa, na mashavu yakaanza kurudi. Siku moja Nabwire akaja kututembelea kutoka kijijini kwake Sigalame, akamkuta mtoto na yai mkononi. Akalichukua polepole, akampa ndizi. "Mtoto wa kike hali yai, mama Nafula." Basi, hakuongeza neno. Mume wangu, Wandera, alitazama dari. Wanaume wakiona vita vya mke na mama, ghafla dari linakuwa na maajabu. Na kuanzia siku hiyo Nafula, nikimletea yai, anafunga mdomo kabisa. "Kukhu alikataa," anasema. Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu. Nilibembeleza, nikatisha, nikaimba. Wapi! Mtoto akaanza kukonda tena.

Nilipaswa kupanda gari niende Sigalame, nikae chini na mama wa watu, nimweleze. Kuuliza si ujinga, na kuomba si utumwa. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne, na katika umri huo mtu anaona magoti ni ya kutembelea tu. Nikapanga hila. Keki ina mayai, lakini mayai hayaonekani. Nabwire alijua mkate na mandazi. Keki kwake ilikuwa mkate uliovaa nguo za Krismasi. Nilijiambia atakula mbele ya watu, atasifu, atalamba vidole, halafu baada ya siku chache nitamwambia: mama, ulikula mayai, mbona hukufa? Mwiko utakuwa umekwisha. Na ili nifurahi zaidi, nikaamua keki yenyewe iwe kuku. Umeona ukorofi huo? Hata leo nikiusema nasikia aibu masikioni.

Hakukosekana wa kunionya. Nilikwenda dukani kwa Bi Zuhura kununua kakao na manjano, na kwa kuwa mdomo wangu haukuwa na mlango, nikamsimulia yote nikicheka. Yeye hakucheka. Alifunga manjano kwenye kikaratasi, akakishikilia. "Mama Nafula, mimi ni Muislamu," akasema. "Nikialikwa mahali, nauliza nyama imechinjwa na nani. Mtu akinidanganya nikala, mimi sikasirikii ile nyama." Nikamwambia asijali, haya ni mayai tu, mama. Akanipa kikaratasi changu, akageukia mteja mwingine.

Basi nikapika. Usione vyaelea, mwanangu, vimeundwa! Oveni sikuwa nayo. Nilitandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, nikaweka sufuria ndogo ndani yake, nikafunika, na juu ya kifuniko nikapanga makaa. Moto chini, moto juu, na wewe katikati unaomba Mungu. Mwili wa kuku niliuoka kwenye bakuli, kichwa kwenye kikombe cha bati. Sukari ilikuwa haba, ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wanavuka kuitafuta huku, nami niliitwanga kwenye kinu mpaka ikawa unga, nikaichekecha kwa kitambaa chepesi. Nikapiga ute wa mayai kwa uma hadi mkono ukafa ganzi. Mdomo wa kuku niliupaka rangi ya manjano, na kile kilemba chekundu cha kichwani nikakitia maji ya kiazi chekundu. Nilikunja karatasi kama ya kufungia karanga, nikakata ncha, nikaminya manyoya moja moja, meupe na ya kakao, kutoka mkiani hadi shingoni. Nafula alikaa kwenye kigoda karibu nami tangu nilipoanza, kimya, akihesabu mambo yake kwa vidole. Sikumtilia maanani.

Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua mbili. Mwanangu, nilijiogopa. Yule kuku alikuwa ananitazama! Nilijua ni unga na sukari, nilimtengeneza mwenyewe, lakini nilinyamaza kidogo kama mtu aliyeingia kanisani.

Tulimweka mezani uani, mchana kweupe, na wapangaji wa ploti nzima wakamwagika nje. Mama Kato, jirani yetu kutoka upande wa Uganda, alishika mashavu, akashangaa kwa Kiganda. "Bambi! Huyu si atataga sasa hivi!" Watoto walimzunguka bila kuthubutu kugusa. Baba mkwe, aliyekuja na Nabwire kutoka Sigalame, alimkagua kwa fimbo kwa mbali, akauliza, "Na imondo yangu mmeificha wapi?" watu wakafa kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, maana kwa adabu zetu mke wa mtoto hakai karibu na baba mkwe, lakini nilisikia kila neno, na kila neno lilikuwa asali.

Nabwire aliizunguka ile meza mara moja, taratibu. Halafu akanifuata mlangoni, akachukua mikono yangu miwili, akaigeuza, akatazama viganja. "Ni hii iliyofanya vile?" Nikasema ndiyo, mama. "Mungu alipumzika siku ya saba," akasema, "kumbe vingine alikuachia wewe." Tangu niolewe hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa amenisifu hivyo. Pale pale nilitaka kumwambia. Neno lilifika kwenye meno, nikalimeza. Hapo ndipo nilipokosa, mwanangu, kuliko hata jikoni.

Tukaimba, tukakata. Nabwire alipewa kipande cha mgongo chenye manyoya mengi. Akala. Akafumba macho, akala tena, akamaliza, akaokota makombo kwenye sahani kwa kidole. Nafula alikuwa mbele yake na kipande chake mkononi, hajakigusa, anamtazama tu mdomo. Kipande cha mwisho kilipomezwa, mtoto akaruka juu.

"Kukhu amekula yai! Mama alivunja kumi na mawili, mimi nilihesabu! Kukhu amekula, basi na mimi nitakula!"

Wandera alinitazama, na safari hii hakutafuta dari. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Nabwire aliweka sahani chini. Alifuta vidole kwa pindo la leso, kimoja baada ya kingine.

"Ni kweli, mama Nafula?"

"Ni kweli, mama."

"Ulijua mimi siyali?"

"Nilijua."

Alipoanza kusema hakupaza sauti, lakini hata watoto walisikia.

"Mwiko huu nilipewa na mama yangu, naye alipewa na mama yake. Nimezaa watoto tisa. Mara tisa nimelala na njaa ya mzazi, na kuku wanataga chini ya kitanda changu, na mimi sikunyoosha mkono. Wewe uliona ni ujinga. Mimi nilikuwa najua kuna kitu kimoja hapa duniani ambacho ni mimi mwenyewe ninayekikataa. Shamba ni la mzee. Ng'ombe ni wa mzee. Mdomo huu ulikuwa wangu."

Nilipiga magoti. Machozi yalikuwa yanatoka bila kuniuliza.

"Ungekuja Sigalame," akaendelea. "Ungesema: mama, mtoto wako anakonda, anakusikia wewe peke yako, njoo ule yai mbele yake ili naye ale. Unadhani ningekataa? Kwa ajili ya Nafula mimi ningekula mawe!"

Nikasema, "Nisamehe, mama."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Halafu nikasikia kigoda kikisogea. Alikuwa amesimama wima, mama mfupi yule, na mimi nakuambia sijawahi kuona mtu mrefu kama yeye siku ile. Akanyoosha sahani.

"Inuka unikatie kingine," akasema. "Kile cha kwanza umenilisha wewe. Hiki nakula mimi."

Nilimkatia kipande cha pili. Akakipokea, akageuka ili watu wote wamwone, mzee wake, mwanawe, majirani, akamwita Nafula akamweka mbele ya magoti yake. Akauma. Akatafuna bila haraka, akameza. Kisha akamega kwa mkono wake, akamtia mtoto mdomoni. "Kula, mama yangu. Yai ni lako. Kukhu amesema." Nafula akala kipande hicho, akala na kile chake, akataka na mkia. Mama Kato alikuwa analia waziwazi. Baba mkwe alivua kofia, na wala hakuna aliyekuwa anaomba dua.

Baada ya hapo kila mtu aliyetoka Sigalame kuja Busia alibebeshwa mayai ya Nafula, yamefungwa kwa maganda ya mahindi yasivunjike. Mashavu ya mtoto yalirudi, yakapita kiasi. Lakini sikia hili: Nabwire mwenyewe hakula yai tena mpaka anaingia kaburini. Nilimwuliza mara moja, miaka mingi baadaye, kwa nini. Akasema, "Siku ile palikuwa na sababu." Akaendelea kuchambua mboga zake. Mimi nilibaki nimemtazama, na hadi leo, uzee huu wote, sijakutana na mtu mwenye nguvu kama zile. Nilikuwa nimemwona mama wa kijijini aliyefungwa na mila. Kumbe ufunguo alikuwa nao yeye mfukoni siku zote.

Kwa hiyo nikuambie wazi, mwanangu, usije ukasema bibi alizunguka tu. Ukiwa na jambo jema, lipitishe mlangoni. Usimfanyie mtu wema kwa hila, hata kama una hakika wewe ndiye unayejua na yeye hajui. Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwongo mwenye nia njema ni fupi zaidi, kwa sababu huyo hata hajifichi vizuri. Mtu mzima akikataa kitu, usikimbilie kumwona mjinga. Keti naye umwulize, huenda kile anachokikataa ndicho kinachomsimamisha. Na ukikosa, piga magoti mapema, wakati aliyekosewa bado yuko hai wa kukuinua. Mimi niliwahi. Wengi huchelewa.

Haya, nenda. Mungu akupe mikono ya kufanya mambo ya kushangaza, na ulimi wa kusema kwanza unachofanya. Akupe watu wa kukulisha kwa upendo, na wewe uwalishe macho yao yakiwa wazi. Watoto wako wazaliwe mara moja, washerehekewe mara nyingi, na siku utakayohitaji mtu akuvunjie mwiko wake, umkute ameketi, umwombe, na akubali.