Alichokuwa Akifanya Ardis Zizini

Verlyn Sletten hakuwa mtu wa maneno. Nimebeba maziwa yake kwa lori miaka kumi na tisa, kila siku ya pili, na yote aliyowahi kuniambia hayajazi ukurasa. Hapa kwetu Wisconsin hilo si kosa. Kanisani wanaume wanne wanaweza kukaa meza moja wakamaliza birika zima la kahawa bila mtu kuuliza swali, maana kumuuliza mtu mambo yake ni kama kuchungulia dirishani kwake. Mimi naropoka, ndiyo maana wakanibandika jina la Redio.

Mkewe, Ardis, alifariki mwezi wa Machi. Walikuwa wameishi pamoja miaka arobaini na mmoja, wao wawili tu na ng'ombe thelathini na wanane. Kwa wiki mbili akina mama wa kanisa walimletea Verlyn viazi na nyama vya kuokwa, kila bakuli likiwa na utepe chini wenye jina la mwenyewe. Mabakuli yakaliwa, yakaoshwa, yakarudishwa. Baada ya hapo hakuna aliyekanyaga ile nyumba isipokuwa mimi, na mimi naishia kwenye chumba cha maziwa.

Mwezi wa Mei maziwa yakaanza kupungua. Mimi ndiye ninayetumbukiza kijiti cha kupimia ndani ya tangi, kwa hiyo niliona kabla mwenyewe hajakubali. Alama ilishuka kidole kimoja, kisha viwili, na kufikia Agosti ilikuwa imeshuka kiganja kizima.

"Redio, kijiti chako kimepinda," akaniambia.

"Kijiti kiko sawa, mzee. Ng'ombe wako ndio wamepinda."

Hakucheka. Akaongeza soya kwenye chakula. Akaongeza madini, halafu molasi. Akamwita mtaalamu wa lishe ya mifugo, mama mmoja mwenye daftari nene, ambaye alifika asubuhi wakati hori zimetoka kujazwa. Akachukua saileji, yale mahindi na majani yaliyochachushwa, akaipima, akasema chakula cha Verlyn ni kizuri kuliko cha majirani wote. Na hakudanganya. Lakini ng'ombe walizidi kukonda, mifupa ya nyonga ikaanza kuonekana, na kila asubuhi Verlyn alisomba toroli zima la mabaki kwenda kuyamwaga.

"Wanamlilia Ardis," akaniambia Septemba. Iliniuma kusikia hivyo kutoka kwa mtu ambaye hakulia hata makaburini. "Nimeshampigia dalali. Mnada ni Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Maziwa yasipopanda mpaka hapo, ng'ombe waende tu."

"Na wewe utabaki na nani?"

Akanigeuzia mgongo. Najua sikupaswa kuuliza, lakini kweli, angebaki na nani? Nilimsikia mara nyingi akiwaita wale ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja, na sauti aliyotumia sikuwahi kumsikia akiitumia kwa binadamu.

Wiki ya kwanza ya Oktoba lori langu likapata pancha uani kwake. Mimi hufika asubuhi na kuondoka asubuhi, ila siku hiyo nilimngoja fundi mpaka saa nane mchana. Kwa kuchoka kukaa bure nikaingia zizini, na pale nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Ng'ombe wote walikuwa wamenyoosha shingo mpaka minyororo imekaza, ndimi nje. Chakula kilikuwepo tele. Hori za Verlyn ni sakafu tu isiyo na ukingo, na walikuwa wamekisukuma kwa pua wakitafuta punje za mahindi, na sasa kilikuwa mkono mmoja mbele yao, hawakifikii. Nikasogeza kidogo kwa buti. Wakakivamia.

Nikampigia kelele Verlyn, akaja kutoka kwenye trekta.

"Nani alikuwa akiwasogezea chakula?"

"Hakuna cha kusogeza. Nalisha asubuhi, nalisha jioni. Baba yangu naye alilisha mara mbili."

"Hebu watazame, mzee!"

Akawatazama. Akakaa juu ya ndoo, kofia mkononi.

"Ardis alikuwa akija huku," akasema. "Baada ya kahawa ya saa nne. Baada ya chakula cha mchana. Alasiri. Na tena akishaosha vyombo vya jioni. Miaka yote hiyo sikumuuliza. Nilidhani anatafuta mahali ambapo mimi sipo."

Nyuma ya mlango kulikuwa na ufagio mgumu, umelika upande mmoja mpaka kwenye mti. Akauchukua, akaanza kusogeza chakula kutoka ng'ombe wa kwanza mpaka wa mwisho, taratibu, na mimi nikatoka nje kwenda kumngojea fundi.

Alisogeza mara nne kwa siku, saa zile zile za Ardis. Alama ikaanza kupanda. Siku tatu kabla ya mnada akampigia dalali kumwambia asije. Katikati ya Novemba nilichomoa kijiti nikakuta alama imerudi pale pale ilipokuwa Ardis akiwa hai. Nilifurahi kama mtoto. Nikamkimbilia zizini kumwambia.

Nilimkuta amesimama nyuma ya mlango. Mkononi alikuwa na ufagio mwingine, mpya, nyuzi zake zimesimama zote.

"Huu umetundikwa hapa kando ya wake miaka mingi, tangu tulipopaka zizi rangi," akasema. "Nilidhani ni wa akiba."

Akaugeuza mpini. Upande uliokuwa umeelekea ukutani kulikuwa na utepe, wa aina ile ile ya mabakuli ya kanisani, na mwandiko wa Ardis: *Verlyn*.

Ng'ombe walikuwa wakitafuna nyuma yetu. Verlyn akaufuta ule utepe vumbi kwa kidole gumba, kisha akaniuliza swali la kwanza katika miaka kumi na tisa.

"Mkeo huwa anakwenda wapi mkishamaliza kula?"

Nikafungua mdomo kumjibu, nikakuta sijui.