Mama aliacha vidonge vya presha kwa agizo la malaika mwenye jina: tuliyoyasikia Njinjo kwa babu

Wakuu, salamu kwenu nyote, wenye dini na msio nayo.

Haya yametokea nyumbani kwetu. Sijaongeza chumvi, na pale nisipojua nitasema sijui. Wanaonifahamu humu wanajua mimi ni yule dada wa kuuliza ushahidi wa kila kitu. Nimemaliza chuo, nina digrii ya sayansi, na kwa miaka minne kanisani nimeingia kwenye harusi na misiba tu.

Mama yangu ni fundi cherehani Kilwa Masoko. Anashona sare za shule. Wakatoliki kule tuko wachache, tunajuana kwa viatu. Mama ana presha ya muda mrefu na vidonge vyake huviweka kwenye kopo la vifungo ili asivisahau.

Siku moja nilifungua kopo kutafuta kifungo, nikakuta vidonge vya mwezi mzima havijaguswa.

Kumbe kuna dada mmoja kwenye kikundi chao cha sala, nimwite Sabina, alisema ametokewa na malaika. Malaika kampa jina lake, kamfundisha sala, na kaagiza maji yaombewe kwa jina hilo. Mgonjwa anywe siku arobaini na aweke dawa za hospitali kando, kwa sababu kuchanganya ni kutoamini.

Jina sitaliandika hapa. Sababu mtaiona mbele.

Nilifanya kosa la wasomi. Nilimshambulia mama kwa hoja, nikamsomea makala kwenye simu, nikacheka. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Wewe unaamini unachokishika tu. Basi shika mkasi ule, unipe." Baada ya hapo hakuzungumza nami siku tatu.

Siku ya nne alianguka akiwa amesimama kupima kitambaa. Kule zahanati nesi aliisoma mashine ya presha, kisha akapima tena. Mama aliporudi nyumbani, Sabina alikuja kumwona. Hakushtuka. Alisema maji hayana kosa, ila imani ya mama ina ufa mahali, ajichunguze.

Na mama akaanza kujichunguza, wakuu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nikaenda kwa padre. Nakiri nilienda na simu ikirekodi mfukoni, nikitegemea atamtetea Sabina ili nimwanike humu humu jukwaani.

Padre alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia Kanisa linafundisha kwamba malaika wapo, kila mtu ana mlinzi wake, na kuwaomba watuombee ni jambo jema. Lakini majina tuliyopewa na Maandiko ni matatu: Mikaeli, Gabrieli, Rafaeli. Zaidi ya hapo Kanisa haliruhusu kuwapachika majina. Akasema hata ufunuo wa mtu binafsi uliochunguzwa na kukubaliwa hauongezi kitu kwenye imani. Unaweza kumsaidia mtu kuiishi, lakini hakuna anayelazimika kuufuata. Huu wa Sabina hata kuchunguzwa haujachunguzwa, na yeye padre mwenyewe angekwenda kuongea na Sabina.

Nilizima rekodi. Nilikwenda kumkamata mtu, nikakuta anauliza maswali magumu kuliko yangu.

"Nikimwambia mama yako hayo atasema umenituma," akasema. "Kuna mtu anayemsikiliza?"

Yupo. Baba yake, babu yangu, anayeishi kijijini Njinjo.

Nilimwambia mama babu anamuulizia, jambo ambalo ni kweli siku zote. Akabeba chupa yake ya maji. Mimi nikabeba vidonge chini ya kanga.

Babu ana miaka zaidi ya themanini na masikio yake husikia anachotaka. Tulimkuta barazani anapepeta ufuta. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza, "Mke wangu, chuo kimekwisha na bado hujajua kupika ugali?" Ndiyo babu huyo. Nusu ya ukoo wetu ni Waislamu na wote wanamheshimu kwa sababu anawatania sawasawa.

Mama alimweleza habari za maji yeye mwenyewe, kwa furaha, akitaja na lile jina. Babu akaacha kupepeta. Akaomba aishike chupa. Akaigeuza geuza kwenye mwanga kwa muda mrefu.

Halafu akatusimulia habari za baba yake. Mama alisema hajawahi kuzisikia zote.

Baba yake babu alikuwa kijana wakati wa Mjerumani, enzi za kulimishwa pamba kwa viboko. Habari zikaja kutoka mtoni kwamba kuna mtu ameingiwa na mzimu. Mzimu una jina, una dawa ya maji, na una miko. Ukiyanywa na kunyunyiziwa, risasi ya Mjerumani inageuka maji. Alikunywa yeye na kaka yake.

Wakaenda kwenye boma la Wajerumani kupitia shamba la mtama, kaka mbele, yeye nyuma, wakiita maji, maji. Kaka akaanguka. Waliokuwa karibu wakasema amevunja mwiko, songa mbele.

Akasonga. Hatua ya tatu, mkono ukamshika kisogoni ukamlaza chini kifudifudi, na risasi zikapita pale kilipokuwa kifua chake. Mkono ule haukumwachia mpaka bunduki ziliponyamaza. Alipogeuka hakukuwa na mtu. Mtama nyuma yake ulikuwa umesimama wima, hata bua moja halijavunjika.

Miaka mingi baadaye alibatizwa. Katekista alipoisikia habari ile alifurahi mno, akasema huyo ni malaika, na akamsihi aombe apewe jina lake ili watu wamheshimu. Alikataa.

Babu akamrudishia mama chupa na kusema maneno ya baba yake kama alivyoyapokea:

"Niliwahi kupewa jina, nikalifuata, nikamzika kaka yangu. Huyu aliyeniokoa hakunipa jina. Sitamtungia."

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Kaka yake alikuwa amevunja mwiko kweli?"

"Baba alilala naye kibanda kimoja siku zote zile," babu akasema. "Hakuvunja hata mmoja. Alishika miko kuliko waliompa."

Mama alitazama mikono yake. Kisha akaninyooshea kiganja bila kugeuka. "Vitoe. Nilikuona ulipovificha."

Akameza kwa maji ya mtungi wa babu. Yale ya chupa babu alinawia vumbi la ufuta, akasema maji ni mema, msiyasingizie.

Jioni tukasali rozari. Babu ana desturi: mwishoni hutaja marehemu wetu mmoja mmoja, halafu ananyamaza pumzi kama tatu kabla ya Amina. Nilipokuwa mdogo nilicheka nikidhani amesinzia. Safari hii alipotaja jina la mwisho na kunyamaza, nilielewa kimya kile ni cha nani.

Hebu fikirini, wakuu. Bila mkono ule babu hazaliwi, mama hazaliwi, na mimi siandiki hapa. Nimejaribu maelezo yote: hofu, mwili kujitupa wenyewe, kumbukumbu ya mzee kubadilika. Yanaweza kuwa kweli. Lakini lile shamba la mtama liko kichwani mwangu, limesimama wima, na sijaweza kulipita.

Nilichojifunza ni hiki: anayekuletea jina la malaika na kukuondolea dawa, muulize siku utakapoanguka atamlaumu nani. Kama ni wewe, kimbia.

Mama anaendelea na vidonge, na sasa kopo la vifungo nalifungua mbele yake bila kujificha. Kanisani nimerudi mara mbili, nakaa nyuma.

Haya, wenye maelezo ya ule mkono nawasikiliza, wa sayansi na wa dini. Ombi langu ni moja: msiupe jina.