Mistari Miwili Aliyoikata Mama Chapa

Mwanamke tunayemwita Mama Chapa ana mashine moja ya kuchapia, ya mtumba, na chumba chenye dirisha linalotazama lango la soko. Miaka kumi na tisa amechapa kadi za harusi, risiti na matangazo ya misiba. Chini ya kila karatasi, kwa herufi ndogo, huweka jina lake na namba ya leseni, kama sheria inavyomtaka. Neno likivuka mpaka, wa kwanza kuulizwa ni yeye, na cha kwanza kuchukuliwa ni mashine.

Asubuhi hiyo wifi yake, muuza nyanya, aliingia mbio na karatasi ya daftari. Choo cha soko kilikuwa kimefungwa kufuli, sasa ni miezi minne. Saa nne kulikuwa na mkutano, na wauzaji walitaka nakala mia mbili.

Mama Chapa aliisoma yote. Maneno yalikuwa na moto wake. Kisha akashika kalamu, akakata mistari miwili: ule uliomwita mkuu wa soko mwizi, na ule uliotaka apigwe mawe.

"Wifi, umeolewa na katiba au na kaka yangu?" muuza nyanya akauliza.

"Kaka yako hatanitetea mahakamani." Mama Chapa akafungua kijitabu cha katiba kilichochakaa. "Hapa, kila mtu ana haki ya kusema. Shuka chini: si kuchochea fujo, si kumchafulia mtu jina. Huo wizi, una ushahidi?"

"Sina. Nina hasira."

"Na la kufuli?"

"Kufuli naliona kila siku, mwenzangu, tena nimebana miguu."

"Basi tuandike kufuli."

Wakaandika siku choo kilipofungwa, idadi ya wauzaji, wajawazito watatu, na swali moja nene: Ufunguo anao nani? Mashine ikaunguruma. Wifi akaondoka na mzigo wake, wino haujakauka vizuri.

Saa tano, mkuu wa soko alisimama mlangoni, karatasi mkononi, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Nyuma yake wauzaji walijaa hadi dirishani. Mama Chapa aliweka kiganja juu ya mashine, kama mtu anayemshika mtoto barabarani. Kidole kikafika kwenye jina lake. Kikarudi juu. Kikashuka tena.

"Huu ni uchochezi."

"Mstari gani, mkuu? Nionyeshe."

Akatafuta.

"Mwazimeni miwani," wifi alisema dirishani, na kicheko kikazunguka nje.

Mkuu akaketi. "Na mimi nina haki ya kujibu?"

"Unayo, kama sisi."

Akaandika harakaharaka, akamsogezea. Mama Chapa akasoma.

"Hili la bomba la choo kupasuka nalichapa sasa hivi. Hili la kuwaita wauza nyanya wote wahuni, siwezi. Na hujasema fundi anakuja lini."

Mkuu akageuka, akawatazama wauzaji dirishani.

"Jumatano," mkuu akasema, kwa sauti ya chini.

"Iandike," wifi akamwambia Mama Chapa, "kwa herufi kubwa."