Mstari Mwekundu ni wa Kweli

Bi Mistari hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na mafundi wa kituo cha kusukuma maji, siku walipomkuta ameduwaa mbele ya kompyuta, anatazama mistari miwili ya rangi kama mtu anayetazama picha ya mchumba wake. Lakini ndiyo iliyokuwa kazi yake. Vipimo vilivyofungwa kwenye pampu mbili kubwa za kituo vilimletea namba za mtetemo, naye akiziingiza kwenye programu ya mahesabu, programu ikimchorea: mstari mwekundu wa Pampu ya Kwanza, mstari wa buluu wa Pampu ya Pili. Mstari ukitulia, pampu ni nzima. Ukipanda, ujue kuna kitu kinakufa ndani. Wenye wivu walisema analipwa kwa kuchezea kalamu za rangi.

Nafasi hiyo alitafutiwa na Baba Mdogo wake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na ambaye yeye alimwita Baba tu, kwa kuwa baba mwingine hakumjua. Mzee huyo alikuwa mwangalizi wa Pampu ya Pili, na kituo kizima kilimwita Redio, kwa sababu alikuwa hazimiki. Majivuno alikuwa nayo, tusimsingizie upole. Ukipita mlangoni kwake hata kama una haraka ya msalani, atakushika mkono akusimulie habari za pampu yake. "Hii ikipiga chafya," alikuwa akisema, "mimi ndiye ninayeiambia afya!" Kisha anacheka mwenyewe, na usipocheka anarudia.

Pampu ya Kwanza ilikuwa mikononi mwa Shemeji. Wote walimwita hivyo, wakubwa kwa wadogo, ingawa dada aliyempatia ushemeji huo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mke wa Meneja. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu wa kutupwa, basi. Grisi aliijua kwa kuisikia.

Sasa sikilizeni mtindo wao wa kazi, maana ubaya wote ulianzia hapo. Meneja hakutaka michoro ya karatasi. Alitaka mchoro ulio hai, aufungue ukutani kwenye chumba cha mikutano mbele ya wakubwa wa makao makuu, auvute karibu, ausogeze huku na kule, aonekane mtaalamu. Kwa hiyo kila wiki Bi Mistari aliuhifadhi mchoro kama faili la programu yenyewe, na Meneja akalifungulia kwenye kompyuta ya mikutano, dude kuukuu lenye toleo la zamani la programu ileile. Bi Mistari mwenyewe hakuwahi kukanyaga mkutano huo. Wachora mistari hawaalikwi. Wala hakuwahi kufungua hata faili moja kwenye mashine ile, kwa sababu kwake yeye kitu ukishakihifadhi kimehifadhika.

Na kwa miaka hakuna aliyeona kasoro, kwani pampu zote mbili zilikwenda sawa, mistari imesukana kama nywele, nani ajali jina lipi ni la upi?

Hadi Ijumaa moja mstari mwekundu ukapanda. Haukupanda kidogo, ulikwea. Bi Mistari akahakiki namba, akahakiki tena, kisha, niseme ukweli, akafurahi. Leo Shemeji ataumbuka, alijisemea. Akahifadhi faili, akafunga ofisi, akaenda zake nyumbani kula chakula na Redio na mkewe, Mama Mdogo, maana aliishi nao, na hakusema neno. Alitaka mkutano ndio useme.

Jumatatu simu yake ya mezani ikalia katikati ya mkutano. Alikuwa Meneja, na kwa mwangwi ule ilijulikana kwamba chumba kizima kinasikiliza.

"Bi Mistari, huu mstari mwekundu uliopanda, ni wa kweli au ni mashine imekosea?"

"Ni wa kweli, Bosi."

"Una hakika? Kuna mtu hapa anabisha."

"Nina hakika kama ninavyojua jina langu. Anayebisha abishane na namba."

Kicheko kikasikika huko chumbani. Simu ikakatwa. Bi Mistari akaegemea kiti, roho kwatu, akimwazia Shemeji anavyotokwa jasho.

Mfagizi wa kituo ndiye aliyemletea habari, akiwa bado ameshika ufagio. "Pole, dada," alisema. "Mimi nisingeweza. Baba yangu mwenyewe? Hata." Bi Mistari akamuuliza pole ya nini. Mfagizi akamtazama kama anayetazama mchawi, kisha akamweleza. Kwamba Redio ameachishwa kazi mbele ya wakubwa, amevuliwa funguo pale pale. Kwamba alibisha, akaapa kwamba pampu yake ni nzima, na Meneja akamwambia, "Mzee, masikio yako yamekwisha. Kilichobaki ni mdomo." Wakubwa wakacheka. Alipozidi kubisha, ndipo Meneja akapiga simu, na baada ya simu akamwambia, "Umesikia? Ni mwanao mwenyewe." Redio akainuka. Akaweka funguo mezani, akatoka.

Bi Mistari alikimbia. Chumba cha mikutano kilikuwa kitupu, mchoro bado uko ukutani, na katika kijisanduku cha majina pembeni, kando ya alama nyekundu, kumeandikwa: Pampu ya Pili.

Alifunga faili akalifungua tena. Pampu ya Pili. Akarudi mbio ofisini kwake, akalifungua faili lilelile: Pampu ya Kwanza. Loo! Namba zilezile, mistari ileile, rangi zilezile, majina tu yamebadilishana viti. Akachora mchoro wa majaribio wenye mistari mitatu, akaiita moja, mbili, tatu, akahifadhi, akaenda kuufungua kwenye lile dude kuukuu. Ukafunguka tatu, mbili, moja.

Hapo akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamchoma. Yeye majina alikuwa akiyaandika mbali na mistari, kama orodha, akitegemea kwamba la kwanza litakwenda kwa mstari wa kwanza. Kwenye kompyuta yake lilikwenda. Lakini toleo lile la zamani, likifungua mchoro uliohifadhiwa, huanza kuihesabu mistari kwa ule uliochorwa mwisho. Kumbe miaka yote hiyo majina yalikuwa kinyume mle ukutani. Dawa yake ilikuwa ndogo hadi inatia hasira: kuufunga kila mstari na jina lake tangu unapochorwa, uende nalo popote. Alirekebisha, akajaribu kwenye mashine zote mbili, ukafunguka sawasawa. Akajifuta uso, akaenda kwa Meneja.

Meneja alikuwa na ubaya wake, lakini hakuwa mjinga. Alielewa kabla hajamaliza kuelezwa. Akainuka, akafunga mlango.

"Nani alisema kwenye simu kwamba mstari ni wa kweli?"

"Mimi, Bosi, lakini ni wa kweli! Jina ndilo..."

"Wakubwa wamesikia sauti yako. Nikiwaambia leo kwamba mchoro wako unachanganya majina, kesho watauliza michoro yote ya nyuma. Utaondoka wewe, na mzee hatarudi. Mtakuwa wawili nyumbani mnatazamana. Hilo ndilo unalotaka?"

"Hapana, Bosi."

"Basi nipe muda. Nitamrudisha kimyakimya. Wewe funga mdomo, hata kwake. Mdomo wake unaujua."

Akakubali. Kubali gani hiyo, jamani! Mtu amelelewa, ameoshwa, amesomeshwa, halafu anaambiwa fumba mdomo, naye anafumba. Wahenga walishasema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa lake.

Jioni hiyo alimkuta Redio ameketi sebuleni, mikono magotini. Hakuna aliyewahi kumwona amekaa hivyo.

"Mwanangu," akamwita. "Ule mstari. Umeuona kwa macho yako?"

"Nimeuona, Baba."

"Na umepanda kweli?"

"Umepanda."

Bi Mistari akaangua kilio. Mzee akamshika bega. "Nyamaza. Umefanya kazi yako. Sikukulea uwe mwongo." Na akaenda kulala bila kula.

Tangu hapo Redio ikazimika. Nyumba iliyokuwa haina nafasi ya kupenyeza neno sasa ilikuwa na kimya hadi unasikia maji yakichemka jikoni. Mzee aliingiwa na hofu ya masikio yake. Alikuwa akimwomba Mama Mdogo asimame nyuma yake adondoshe kijiko, yeye aseme kimedondokea wapi, na akipatia, anasema amebahatisha. Alikwenda kwa daktari wa masikio, akaambiwa ni mazima kabisa. "Kanionea huruma," alisema. Spana zake, alizokuwa hamruhusu mtu hata kuzigusa, alimpa jirani. Jirani alipouliza atazirudisha lini, mzee akamwambia, "Za nini?" Bi Mistari aliyaona yote hayo, akawa anajiambia Meneja anashughulikia, Meneja anashughulikia. Asubuhi alimpita mzee barazani kwa salamu ya haraka, macho chini.

Pampu ya Kwanza haikusoma mchoro wa mtu. Ilitetemeka hadi beringi ikapasuka, mhimili ukapinda, nusu ya mji ikakaa bila maji. Meneja akaandika kwamba ni uchakavu wa mashine. Na kwa kuwa Shemeji hakuwa tena na pampu ya kuangalia, akakabidhiwa ya pili. Moja kwa moja, si kwa kushikilia.

Bi Mistari aliingia ofisini kwa Meneja bila kubisha hodi.

"Bosi, uliniahidi."

"Nilikuomba muda," Meneja alijibu, macho kwenye skrini. "Ukanipa."

"Nitasema. Nitawaambia wakubwa."

"Sema. Watakuuliza mbona ulinyamaza muda wote huu, pampu inavunjika unaiona. Mimi nitawaambia sikujua kitu. Unadhani atasadikiwa nani?" Kisha akamtazama kwa upole wa mtu aliyeshiba. "Na funga mlango ukitoka, nina mkutano."

Mwenye nguvu mpishe. Alitoka, akafunga mlango, kisha hakurudi kwenye dawati lake. Alikwenda nyumbani, jua bado kali, akamkuta Redio barazani. Akapiga magoti mbele yake, akamweleza yote: majina, orodha, toleo la zamani, mistari inayohesabiwa kinyume. Akamchorea kwa kidole vumbini. Mzee alichelewa kuelewa. Alipoelewa, uso wake ulifunguka wote.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe mwekundu ni wa Shemeji!" Akapiga mapaja, akacheka, machozi yakamtoka. "Nilisema mimi! Niliwaambia pampu yangu nzima, wakanicheka! Masikio haya? Haya hata mchwa akitafuna nguzo nyumba ya tatu yanamsikia! Kesho nakwenda. Nakwenda na wewe, unawachorea kama ulivyonichorea, tuone nani amebakiwa na mdomo!" Aliongea, akaongea, redio imewaka, hata Mama Mdogo ndani akasikika akicheka bila kujua anacheka nini. Bi Mistari naye akacheka huku analia.

"Pampu yangu anaishika nani sasa?"

"Shemeji, Baba. Amekabidhiwa leo."

"Leo." Mzee akafikiri. Cheko bado liko usoni, halijaondoka vizuri. "Na wewe hili la majina umeligundua leo?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na lingepita.

"Hapana, Baba. Siku ileile uliyoondoka."

"Kabla hujarudi nyumbani?"

"Kabla."

"Nikakuuliza."

"Ndiyo, Baba. Uliniuliza mara mbili. Nilidhani..."

Hakumwacha amalize. Alifuta ile michoro vumbini kwa kisigino, taratibu, akasimama, akajikung'uta suruali. Kisha akaita ndani kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya mtu anayeagiza chai.

"Mama! Tumepata mgeni huku. Mletee kiti na maji, akishakunywa msindikize."

Akampita, akaingia ndani. Mama Mdogo akatoka haraka akifuta mikono kwenye khanga, kiti kwapani, bado anatabasamu, akawa anaangaza macho barazani kumtafuta huyo mgeni.