Gitaa Lililoitika Jina Langu

Mimi gitaa silinunui kabla sijalinusa. Wauzaji hunitazama kana kwamba nimekuja kununua samaki, lakini siwajali. Naliinua, natia pua kwenye tundu, nafumba macho. Mengi hunuka gundi na boksi. Mara moja moja, ndugu zangu, hutoka humo harufu ya mbao kavu na vumbi tamu lililokaa miaka, na hapo vinyweleo hunisimama vyote, hata vile ambavyo havijaota bado. Narudi kuwa na miaka tisa, nimesimama katika chumba cha Fundi Chilumba kule Narung'ombe, mchana kweupe, nikiomba ardhi ipasuke inimeze.

Ili mnielewe, niwaambie kwanza kwamba wakati huo mimi sikuwa mimi.

Nilizaliwa Mkotokuyana, nikaitwa Mwanaidi. Nilipokuwa na miaka minne hivi akafariki kaka mkubwa wa mama yangu, Mjomba Tabu, mpiga gitaa ambaye harusi za Nachingwea nzima zilimngoja yeye kuliko zilivyomngoja bwana harusi. Kwetu jina la mtu haliachwi lilale kaburini. Siku ya arobaini wazee walitazamana, wakanitazama, jina likashushwa juu yangu, na Mwanaidi akafutwa kama hesabu ubaoni. Nikawa Tabu. Wala halikuwa jina tu. Bibi, mama yake Mjomba, akaanza kuniita "mwanangu." Mama akaniita "kaka", na alipotaka kunichapa, fimbo ilifika nusu ya safari ikakumbuka heshima. Mjane wa Mjomba alipita barazani akaniuliza, "Umeamkaje, mume wangu?" nami nina makamasi mpaka kidevuni. Na Selemani, mtoto wa Mjomba, kijana wa miaka ishirini mwenye ndevu zake, aliniamkia, "Shikamoo, baba."

Faida zilikuwepo, sikatai. Firigisi za kuku wote waliochinjwa katika ukoo ule zimelala tumboni mwangu. Lakini watoto wenzangu walinikimbia wakiimba, "Tabu mfu, rudi kwenu!" Nami nikaanza kuvichunguza vidole vyangu kila asubuhi, kama vinarefuka na kuwa vya kwake. Nilipopewa kioo nilikigeuza. Niliogopa kumkuta yeye humo, na masharubu yake, akinitazama kwa macho yangu.

Gitaa la Mjomba lililiwa na mchwa. Selemani alipotaka jingine, lile lisilotumia umeme, ili aendeleze kazi ya baba yake, Bibi alikubali kuutoa ufuta wake wa msimu mzima. Akaweka sharti moja.

"Atachagua Tabu mwenyewe. Masikio ya gitaa ni yake."

"Sawa, Bibi," Selemani akasema, akanigeukia kwa unyenyekevu. "Baba, usituangushe."

Nikapiga hesabu. Nikichagua vibaya, ufuta wa Bibi umekwenda na maji na Selemani hana kazi. Nikichagua vizuri, itakuwa imethibitika: marehemu yumo ndani yangu, na Mwanaidi hatarudi tena. Njia nzima ya kwenda Narung'ombe, upande wa Ruangwa, juu ya lori la magunia, sikusema neno. Bibi aliridhika sana. "Hata marehemu," akamwambia Selemani, "alikuwa hasemi akienda kununua."

Fundi Chilumba alikuwa mtu mfupi aliyetengeneza magitaa ya watu na kuuza yale ambayo wenyewe hawakuyarudia. Alikuwa amefunga dirisha, maana jua la kwetu hupasua mbao. Siku ile ungeweza kukaanga korosho juu ya bati na kuzibanja maganda papo hapo. Ndani mlikuwa na mwanga wa kahawia, mifuko ya salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, pembeni, na kimya kizito kana kwamba kuna mtu alikuwa anazungumza akakatiza tulipoingia. Ukutani yalining'inia magitaa matatu. Yamening'inizwa kwa shingo. Nyuso zao, yale matundu meusi, zilitutazama.

Selemani alilirukia jekundu linalong'aa.

"Kijana," Fundi akamwuliza, "unachagua gitaa au unachagua khanga?"

Akamwonyesha kuitazama shingo kwa jicho moja, kama mtu anayelenga shabaha, aone imenyooka au imepinda. Akamwonyesha kubonyeza uzi karibu na kifua cha gitaa, usikie kama unalia safi au unakwaruza. "Shingo ikipinda," alisema, "hata uwe na vidole kumi na viwili hutapiga kitu." Selemani akaitikia kwa kichwa, macho bado kwenye jekundu.

"Mwacheni Tabu," Bibi akasema.

Wakanipisha. Nikasogea. Sikujua chochote, hata shingo ya gitaa na mpini wa jembe kwangu vilikuwa ndugu. Nikasimama pale jasho likinitoka, nyuma yangu watu watatu wasiopumua. Kisha Bibi akaita. Ile sauti yake ya kifuani, nzito, ambayo akiita kutoka Mkotokuyana kuku wa Ruangwa hukimbilia bandani.

"Tabuuu!"

Kabla sijaitika, ukuta ukaitika.

"Mmmmm," ulisema. Sauti ya chini sana, ndefu, kama mtu aliyeamshwa na hajafungua kinywa. Hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Selemani alirudi nyuma mpaka akakalia salfa.

"Tabuuu!" Bibi akaita tena.

"Mmmmm."

Lilikuwa gitaa la tatu, la mwisho, la rangi ya udongo, limejaa mikwaruzo. Jekundu lilinyamaza kama sahani. Nilinyoosha mkono nikaweka kiganja juu ya ubao wake, na ubao ulikuwa unatetemeka, kidogo kidogo, kama kifua cha kuku aliyeshikwa. Ile harufu ikanijia usoni kutoka tunduni. Na badala ya kupiga kelele, ndugu zangu, nikajikuta nafurahi kama kichaa. Kama Tabu yumo humu, basi hayumo kwangu!

"Ni huyu," nikasema. "Tabu ni huyu. Mchukueni yeye."

"Baba, hilo lina mikwaruzo..."

"Nyamaza wewe," Fundi akamkatiza. "Hilo nilikuwa nalificha nisiliuze." Akalishusha.

Bibi hakulitazama gitaa. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, usoni.

Wiki ile Mama alinichapa mara mbili, fimbo ikafika safari yake yote, nikalia huku nacheka. Firigisi zikapata mwenyewe mwingine. Selemani akapiga gitaa lile katika harusi nisizoweza kuzihesabu, na analo mpaka leo.

Mimi nilirudi darasani nikiwa mama wa watoto wawili, masomo ya jioni, nikasoma mpaka cheti kikanipenda. Siku moja mwalimu wa fizikia akatueleza jinsi sauti inavyoweza kuutikisa uzi bila kuugusa, na kwamba ubao mwembamba ulio mzuri hutikisika upesi kuliko ubao mbovu. Nilifunga daftari nimeduwaa. Likizo nikaenda kwa Selemani, nikalitundika gitaa ukutani, nikaliita kwa sauti nzito, "Sufuriaaa!"

"Mmmmm," likasema.

Selemani alicheka mpaka akashika mbavu. "Kwani hukujua? Mimi mwenyewe nilikuja kuambiwa baadaye. Marehemu baba alinunua magitaa hivyo hivyo. Anakwenda na Bibi. Bibi anaita jina lake kwa sauti, yeye anatega sikio asikie gitaa lipi litajibu."

Basi nikakaa chini. Kumbe aliyechagua alikuwa Bibi. Alijua ni mbao. Angeweza kunitazama usoni na kuniambia, "Mwanangu, usiogope, ni mbao tu." Angeniambia hivyo, angebaki na Tabu wake: mtoto anayeitika kila amwitapo, ambaye yeye humlisha firigisi.

Lakini jioni ile tuliporudi kutoka Narung'ombe, Bibi alikaa barazani, gitaa limelala mkekani kando yake. Akakohoa. Akafungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena.

"Mwanaidi," akasema, "niletee maji."

Nilikimbia nikiruka kama mbuzi. Sikugeuka hata mara moja kumtazama.