Ndare Zilizoitwa Weusi

Harufu ya ndare zilizopondeka ndani ya ndoo ya bati ni tamu na chachu kwa pamoja, kama uji uliolala siku mbili. Ndare ni matunda madogo meusi yenye vijipunje, yanayomea kwenye vichaka vya miiba kando ya msitu, na ukiyabana kidogo tu hutoa maji ya zambarau yasiyotoka vidoleni kwa wiki nzima. Nilikuwa na miaka tisa, nikiishi na mama yangu mjane kwenye shamba la Mzungu mmoja kati ya Molo na Olenguruone. Mama alichuma maua ya pareto tangu umande haujakauka. Sisi watoto, tukitoka shule, tulichuma ndare za jikoni kwa memsahibu, mke wa huyo Mzungu, aliyezipika jamu, na nyingine tukawapelekea mama zetu. Lakini mwaka ule serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari, na ukingo wa msitu ukapigwa marufuku. Wanaume waliopigana na serikali hiyo walikuwa wamejificha huko ndani na bunduki zao, na aliyewapa hata kiazi kimoja alichukuliwa na lori. Ndare ziliiva mwaka ule kuliko miaka yote, zikaanguka zenyewe bila wa kuzichuma.

Shule yetu ilikuwa chumba kimoja cha udongo, na mwalimu wetu aliitwa Zakaria, mtu mwembamba aliyevaa koti moja la kijivu mvua au jua. Alipenda mashairi kama wengine wanavyopenda nyama. Alitufundisha kuhesabu mizani kwa kugonga dawati, nane huku na nane kule, kisha akatuambia kila mmoja aandike ubeti kuhusu kitu anachokitamani. Mimi nilitamani ndare. Niliandika hivi:

Weusi wako mwituni, mwibani wamejilaza,
Wamekaa mafichoni, jua limewakomaza,
Watashuka mashambani, ndoo zetu kuzijaza,
Mama yupo mlangoni, sahani anatandaza.

Mwalimu aliusoma mara mbili, midomo ikichezacheza. “Wanjiru, ndare si watu,” akasema. “Ngeli yake si hiyo. Ungesema nyeusi.” Nikainamisha kichwa, maana Kiswahili chetu cha bara kilikuwa hakijui ngeli vizuri. Lakini aliposhika kalamu nyekundu, mkono wake ulisita. “Hapana, uache. Katika shairi, tunda laweza kuwa mtu.” Akaunakili kwa mwandiko wake mzuri kwenye karatasi kubwa, akaubandika ukutani bila jina. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba kwa fahari.

Haikupita wiki, askari wakaja kusaka. Walikuwa na afisa kijana wa Kizungu mwenye uso ulioungua jua, na karani Mwafrika aliyemtafsiria. Walipekua madawati, kisha karani akasimama mbele ya ile karatasi. Aliusoma kwa sauti, polepole, na kwa mara ya kwanza nikayasikia maneno yangu kama walivyoyasikia wao.

“Hawa weusi walioko mwituni ni nani?” karani akauliza.

“Ni ndare, bwana. Matunda,” Mwalimu akajibu.

“Usinichezee. Matunda hayaitwi weusi. Hata mimi nimesoma ngeli. Na huyu mama anayewatandazia sahani?”

Darasa zima lilijua ni mama wa nani. Niliinua kiuno kutoka kwenye benchi, nadhani nilitaka kusema, lakini Mwalimu akanitazama na kutikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. “Mwandiko ni wangu, afande,” akasema. “Shairi ni langu. Mama ni mama yangu mwenyewe, naye alikufa zamani.” Nikaketi. Wakamtoa nje na koti lake, wakampandisha kwenye lori, na afisa akaibandua ile karatasi ukutani, akaikunja vizuri kama ushahidi.

Nilipomweleza mama, hakunipiga. Alichukua daftari langu akalitia motoni, akaniambia, “Usiandike tena kitu cha kusomwa na watu.” Wahenga husema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Wangu ulimchoma mwingine.

Mwalimu Zakaria alirudi kutoka kizuizini baada ya miaka mitano, akiburuta mguu wa kushoto. Hakufundisha tena. Nilikuwa msichana mkubwa nilipomkuta sokoni Olenguruone akiuza kabeji, nikapiga magoti mbele ya gunia lake, nikamwomba msamaha.

“Nyanyuka, utachafua nguo,” akasema. “Mizani yako ilikuwa sawa, yote. Kosa lilikuwa moja tu, na ni mimi niliyeliacha.” Kisha akauliza, “Uliendelea kuandika?”

“Hapana, Mwalimu.”

Alipanga kabeji zake upya. “Basi walitufunga sote wawili,” akasema.

Sasa naishi Nakuru mjini, na ule msitu umekatwa mpaka mteremko unaonekana mtupu kutoka barabarani. Juzi mjukuu wangu alighani shairi lake kwenye tamasha la shule. Aliisema serikali bila kuficha, kwa jina na kwa cheo, na walimu wakasimama kumpigia makofi. Wenzangu husema dunia imekuwa mbaya, zamani ilikuwa njema. Mimi siwezi kusema hivyo. Mjukuu wangu ana kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho, na sitaki akipoteze. Lakini alipofika ubeti wa mwisho, watu wote walikuwa wakimtazama yeye, na mimi nilikuwa nikitazama mlango.