Msukule wa Mwalimu Kissa

Mwalimu Kissa alitoka Tukuyu kuja kufundisha hesabu katika shule ya kata huko Maretadu. Hakuwa na ndugu hapo, wala mtu wa kuzungumza naye Kinyakyusa. Mwaka wa kwanza aliumaliza akisahihisha madaftari na kupanda kitandani mapema kwa sababu ya baridi.

Aliyemtoa ndani alikuwa Konsolata, muuguzi wa zahanati, mzaliwa wa hapo hapo. Alikuja siku moja kuazima chaja ya simu, akaona dadu zimepangwa dirishani, akauliza za nini. Kissa alimweleza kwa aibu kidogo. Zilikuwa za mchezo wa hadithi aliojifunza chuoni Dodoma. Mtu mmoja ni msimulizi, anaeleza nchi ya kubuni na hatari zake. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, amemwandika kwenye karatasi, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Dadu ndiyo inayoamua kama amefaulu au ameumia.

"Kwa hiyo naweza kuwa mtu yeyote?" Konsolata aliuliza.

"Yeyote."

Jumamosi iliyofuata alikuja na wenzake wawili: Judith, mwalimu wa Kiswahili aliyepanga naye nyumba, na Godlisten, bwana shamba aliyetokea Rombo. Tangu siku hiyo kila Jumamosi mchana, nguo zikishaanikwa, wanne hao walikaa mezani kwa Kissa na chai na mahindi ya kuchemsha.

Mhusika wa Konsolata aliitwa Bibi Nungu, mganga mzee mwenye miiba mgongoni. Alikuwa hamtibu mtu bila kwanza kumtukana. "Nyosha mguu, mjinga wewe! Ulidhani joka ni mbuzi?" Godlisten alikuwa anacheka mpaka anainamisha kichwa mezani. Kissa aliniambia baadaye kwamba hiyo ndiyo miaka miwili aliyoishi Maretadu. Mingine yote amekaa tu.

Baada ya miaka hiyo miwili, mwezi wa tatu, wakati wa mvua, Konsolata alikwenda Mbulu mjini kuchukua chanjo. Wakati wa kurudi, pikipiki iliteleza kwenye udongo karibu na Endagikot. Dereva alivunjika mkono. Konsolata hakuamka. Asubuhi ile alikuwa amempigia mama yake mara mbili, lakini simu ya mama ilikuwa dukani inachajiwa.

Walimzika. Mchezo ukasimama.

Ni Judith aliyesema, mwezi wa sita, "Tucheze hata mara moja." Walikaa watatu, wakaanza, na muda si mrefu Godlisten akauliza, "Na Bibi Nungu tunasemaje? Amehama?" Kissa alifunga daftari akaomba apewe wiki moja.

Wiki hiyo alitunga kanuni za msukule. Neno lenyewe kila mtu analijua: mtu aliyezikwa, kumbe amechukuliwa na anatumikishwa na aliyemchukua. Kissa aliandika kwamba katika mchezo wao mhusika aliyekufa anaweza kuinuliwa, mradi anayemwinua atoe kumbukumbu moja ya mhusika wake na asiipate tena. Msukule anainuka na sauti yake na ujuzi wake wote. Kitu pekee asichorudi nacho ni hiari. Akiambiwa, anatii. Kissa alizijaribu kanuni hizo kwa dadu siku tatu, akirekebisha namba mpaka zikakaa sawa. Alijivunia kazi ile, na hakunificha.

Jumamosi ilipofika, Godlisten alitoa kumbukumbu ya mhusika wake ya nyumba aliyozaliwa. Dadu ikakubali. Kissa akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya Konsolata, na ile pua yake ya kubana kidogo, "Nyosha mguu, mjinga wewe."

Judith alishika mdomo. Walilia wote watatu, kisha wakaendelea kucheza mpaka jua likazama.

Wangeishia hapo. Lakini Jumamosi nyingine ilikuja, na nyingine. Godlisten si mtu mbaya, ila mchezo una njia zake, na msukule ni mtumishi asiyechoka. Bibi Nungu akaanza kubeba mizigo ya wenzake. Akawa wa kwanza kupita kwenye daraja bovu. Akaonja maji ya kisima kuona kama yana sumu. Kissa alikuwa na vichekesho vya Konsolata vile tu alivyovikumbuka, na vilikwisha. Akajaribu kubuni vipya, havikufanana. Kufikia mwezi wa tisa Bibi Nungu alikuwa na jibu moja. Akiambiwa beba, anasema, "Haya." Akiambiwa tangulia, "Haya."

Siku moja walifika kwenye mlango unaowaka moto. Godlisten alisema huku anamenya muhindi, "Atangulie yeye. Si ameshakufa?"

"Haya," Kissa akasema, kwa sauti ile ile.

Judith alisimama. "Ameshakufa nani, Godlisten?"

Hakusubiri jibu. Alichukua koti lake akaondoka, na kwa kuwa jambo lile lilimkaa kifuani, alimsimulia mwenzake wa kwaya. Huyo naye akamsimulia mwingine. Lilipofika vijiji vya milimani halikuwa mchezo tena: mwalimu wa Mbeya amemfanya Konsolata msukule, yumo ndani mwake, na kila Jumamosi anaongea.

Jumanne, baada ya masomo, mama yake Konsolata alibisha mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia mwanangu anaongea hapa kwako."

Kissa alimkaribisha kiti. Alimweleza kila kitu, akamwonyesha karatasi na dadu. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema, "Sijaja kugombana, mwalimu. Alinipigia mara mbili siku ile. Mwambie aseme alitaka kuniambia nini."

"Mama, ni mimi ndiye ninayeongea. Ni mchezo."

"Nimeelewa. Mwambie aseme."

Kissa angeweza kukataa. Ameniambia hivyo mara nyingi, kwamba angeweza. Lakini yule mama alikuwa ameinamisha kichwa, mikono ameilaza magotini kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani hospitalini. Kissa akabana pua kidogo. "Mama, nilikuwa nakusalimia tu. Nilitaka kukwambia nitakuja Jumapili. Usiwe na wasiwasi."

Mama aliinua macho.

"Huyo siye," alisema. "Mwanangu ananiita Aayo. Tangu azaliwe hajawahi kuongea na mimi Kiswahili."

Alijifunga shuka lake vizuri, akaaga kwa adabu, akatoka. Kissa alibaki pale kwenye kiti. Miaka miwili mezani na Konsolata, na hakujua hata neno moja la lugha ambayo rafiki yake alikuwa anaitumia kwao.

Mkuu wa shule alimwita. Kissa alipeleka karatasi zote ili ajitetee. Mkuu alivaa miwani, akasoma taratibu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hapa umeandika mwenyewe, kwa mkono wako: Jinsi ya kumwinua aliyekufa. Niwaambie nini wazazi?" Wanafunzi wakaacha kuleta madaftari nyumbani kwake. Akinamama waliacha kuchota maji wakimwona bombani, wakasubiri aondoke. Aliomba uhamisho, akanyimwa. Godlisten aliupata wa kwake, akaenda Hanang, na hajapiga simu tangu hapo.

Maneno yalikoma ghafla mwezi wa kumi na moja. Kissa hakujua sababu mpaka Judith alipomfuata ofisini kwa walimu, mara ya kwanza kuongea naye kwa wiki nyingi.

"Ni mama yake Konsolata," Judith alisema. "Watu walikwenda kumwuliza, wakitaka akushitaki kwa wazee. Amewakatalia. Amewaambia, 'Niliingia mwenyewe, nikakaa, nikasikiliza. Mule ndani hakuna mtu.'"

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Mule ndani hakuna mtu."

Judith alidhani amemletea habari njema, akamshika bega. Kissa, ambaye siku ile alikuwa mule ndani, alimshukuru. Kengele ililia, akachukua chaki, akaenda kufundisha kidato cha tatu.